Bahasha ya Mteja wa Siri

Kila siku, duka likishafunguliwa, Mama Vifungo alituma dondoo. Alishika simu karibu na mdomo kama mtu anayepuliza chai, akasema kwa sauti ileile aliyowaamshia wanawe: "Wenye maduka wenzangu, dondoo ya leo. Andika bei mahali mteja anapoiona bila kuuliza. Mteja akiona haya kuuliza anaondoka, na wala hakuagi." Kisha akaituma kwenye kundi la simu la wenye maduka ya mtaa ule.

Maduka yalikuwa saba. Yeye aliuza uzi, zipu, lastiki, sindano, na vifungo vya kila rangi ndani ya chupa za kioo zilizopangwa hadi dari. Leseni zikibadilika, yeye ndiye aliyejua kwanza. Kukiwa na semina ya bure, yeye ndiye aliyewaandikisha. Wenzake walimwita Mwalimu, na hakuwahi kuwakataza.

Habari ya meza pia aliileta yeye. Ukumbi mpya wa maonyesho ulikuwa unafunguliwa, na kikundi chao kilikuwa kimepewa meza sita za bure kwa siku tatu. Wenye viwanda vya kushona sare za shule wangepita pale kutafuta watu wa kuwauzia vifungo na zipu. Mama Vifungo aliitaka ile meza hadi ikamnyima usingizi. Wifi yake, aliyemsaidia dukani, alikuwa ameshashona kitambaa cha kuitandika, cha kijani, kimezungushiwa vifungo vyeupe ukingo mzima.

Lakini meza sita, maduka saba. Nani aachwe?

"Tutumie mteja wa siri," Mama Vifungo alisema. Alikuwa amejifunza hilo chuoni, enzi za stashahada yake. Kikundi cha mtaa wa pili kingeleta watu wasiojulikana, mmoja kwa kila duka, wanunue, waandike walivyopokelewa. Ripoti zingekuwa na namba tu. Orodha inayoonyesha namba ipi ni duka lipi ingekaa ndani ya bahasha iliyogundishwa, kwa Kinyozi, katibu wao. Ripoti mbaya kuliko zote ingemkosesha mtu meza, naye angeambiwa pembeni, asiaibishwe mbele za watu.

Wiki ile yote Mama Vifungo alimsubiri mteja wa siri. Alimtazamia mtu nadhifu, mwenye daftari. Kila aliyeingia na daftari alipewa kiti, akaulizwa habari za nyumbani.

Jumamosi mchana walikusanyika kwenye saluni ya Kinyozi, wakakalia viti vya kunyolea na ndoo zilizopinduliwa, vioo vikiwazunguka pande tatu. Kinyozi alisoma ripoti tatu za kwanza. Zilikuwa za kawaida tu. Duka moja lilisifiwa, jingine lilikosa chenji. Kisha akafungua ya nne, akakohoa.

"'Nilimkuta mwenye duka ameinamia shughuli zake. Nikasalimia. Kimya. Nikasalimia tena. Akaniinulia kidole, nisubiri.'"

"Kidole!" alidakia Mama Keki, muuza mikate. "Bora angemwinulia hata mguu."

Saluni ikaangua kicheko.

"'Nilihitaji kitu kimoja tu, kidogo. Akasema kimoja hauzi, nisimjazie duka.'"

Mama Vifungo alicheka hadi akajifuta macho. "Jamani, huyu anafanya biashara au analinda maiti? Kesho akalale nyumbani kwake! Huyu msimpe meza, hata kiti cha kukalia msimpe. Watu kama hawa ndio wanaotuharibia jina mtaa mzima."

"Ngojeni, kuna mwisho wake," alisema Kinyozi. "'Nikamuuliza, basi mwenzangu, niende wapi nitakipata? Akanijibu, Bibi, mimi si ramani.'"

Wenzake walicheka zaidi. Mama Vifungo alinyamaza kama redio iliyochomolewa.

Alikumbuka Jumanne. Bibi mfupi, koti la kahawia, mkononi kifungo kimoja chenye matundu manne, alitaka cha kufanana nacho. Naye Mama Vifungo alikuwa na simu mdomoni, anarekodi. Bibi aliposalimia, aliinua kidole. Alipomaliza alikuwa amekasirika, maana sauti ya bibi ilikuwa imeingia kwenye rekodi ikabidi aanze upya. Na alichokuwa anarekodi ni hiki: msalimie mteja kabla hajakusalimu.

Aliinua macho akakutana na uso wake kwenye kioo, na kwenye kioo cha pili, na cha tatu. Haikuwa na pa kujificha, ile sura.

"Wanaosema namba nne aachwe?" aliuliza Kinyozi, alipomaliza kusoma tatu zilizobaki, ambazo hazikuwa na ubaya.

Mikono ikapanda. Wa kwake ukapanda pia, wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine.

Hapo ndipo Mzee Soli alipoinuka kwenye ndoo yake. Alikuwa fundi viatu, masikio yamechoka, na muda wote jirani yake alikuwa akimrudishia maneno ya ripoti sikioni.

"Wenzangu, msihangaike na bahasha," alisema. "Huyo ni mimi."

"Aa, mzee, nani kakwambia?"

"Mimi nikiwa kazini misumari iko mdomoni. Mtu akinisalimia simsikii, na nikimwona, namwinulia kidole asubiri niteme misumari. Na juzi alikuja mama mmoja anataka kamba moja ya kiatu. Kamba nauza mbili mbili, hiyo moja iliyobaki nimvishe nani?" Alivua kofia, akaikunja. "Hayo ya ramani sikumbuki. Lakini kama mteja kaandika, mimi ni nani? Mnisamehe. Nimeharibu jina la mtaa."

Alilirudia neno lake yeye Mama Vifungo, jina la mtaa, vilevile alivyolitamka.

Kinyozi aliichukua bahasha. "Basi tuhakikishe tu, kwa utaratibu."

"Ya nini?" Mama Vifungo alisikia sauti yake ikisema. "Mzee ameshasema mwenyewe. Mnataka kumwaibisha mara mbili? Ichane hiyo, yaishe."

"Mwalimu ana utu," alisema Mama Keki, na wengine wakaitikia. Kinyozi akaikata bahasha vipande vipande kwa mkasi wake wa kazi, vikadondoka sakafuni juu ya nywele za watu.

Dukani Mama Vifungo alimkuta wifi yake amekitandaza kile kitambaa juu ya kaunta, anakipima kwa shubiri.

"Tumepata?"

"Tumepata."

"Mbona unasema kama mtu aliyefiwa? Nani kaachwa?"

"Mzee Soli."

"Masikini! Kafanya nini yule mzee wa watu?"

Mama Vifungo akaeleza, haraka haraka, huku akipanga zipu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alipofika kwenye kile kidole, wifi yake aliacha kupima.

"Wifi."

"Nini?"

"Ulipomaliza kurekodi ulimwambia yule bibi wewe si ramani. Nilikuwa hapa hapa, nimepanda ngazi." Alianza kukikunja kitambaa, pembe kwa pembe, bila kumtazama. "Nilimfuata nje nikampa kile kifungo bure. Sikukwambia kwa sababu ungenifokea."

Mama Vifungo angependa afokewe yeye. Akatoka.

Kibanda cha Mzee Soli kilikuwa chini ya ngazi za jengo la vyumba vya kupanga, kando ya barabara, na alasiri ile wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, mguu mmoja mmoja peku. Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya kipande cha boksi, kopo la rangi nyeusi ya viatu pembeni, brashi mkononi. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KARIBU MTEJA. HABARI ZA LEO?

"Ah, Mwalimu! Njoo uone," alisema. "Nimekumbuka dondoo yako. Sasa nitalitundika hapa mbele. Hata nisiposikia, mtu atakuwa ameshasalimiwa."

Mama Vifungo aliliangalia lile boksi. Alikuwa ametuma dondoo zaidi ya mia tatu, na hii ndiyo mara ya kwanza kuona mtu amepiga magoti kwa ajili ya moja.

"Baba, namba nne ni mimi," alisema.

"Ee?"

"Namba nne. Ni duka langu."

"Sema juu, mwanangu. Magari."

Aliwaangalia wale wawili kwenye benchi. Mmoja alikuwa mteja wake wa lastiki. Alivuta pumzi. "Ripoti ile mbaya ni ya duka langu! Mimi ndiye niliyemwambia bibi mimi si ramani! Nilijua palepale saluni, nikanyamaza!"

Mzee Soli aliweka brashi chini. Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Na bahasha ukasema ichanwe."

"Ndiyo."

"Mimi nikaona unanisitiri. Nimepita nyumbani nikamwambia mke wangu, yule mama amenisitiri. Akakasirika. Anasema nimemtia aibu mtaani, miaka arobaini ya kazi."

"Nitakwenda kumwambia mimi. Na meza ni yako, baba. Sitaki kukaa kwenye meza ile."

"Meza ni yangu, hiyo hunipi wewe," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Toa simu."

"Simu?"

"Si huwa unarekodi? Rekodi. Wasikie wote walionicheka, ndipo twende kwa mke wangu."

Aliitoa. Kidole kilichozoea kubonyeza pale kila asubuhi kikakosea mara mbili. Alianza kama alivyozoea, "Wenye maduka wenzangu," akakwama, maana hakuwa na dondoo. Akasema tu yaliyotokea: bibi, kifungo, kidole, kicheko chake, mkono wake uliopanda, bahasha. Alisema kwa sauti ya juu ili mzee asikie, na kwa hiyo walisikia pia wa kwenye benchi, na mwanamke aliyekuwa akishuka ngazi na kapu, ambaye alisimama katikati.

Alipomaliza alimtazama Mzee Soli.

Mzee alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio. "Hapo kwenye bahasha sikusikia vizuri," alisema. "Rudia."

Kama kweli hakusikia, au alisikia vizuri kabisa, Mama Vifungo hakuweza kujua. Alifuta rekodi, akakaribia hatua moja, akaanza tena tangu mwanzo.