Nusu ya Mzinga wa Pili

Julieth Masolwa anafundisha falsafa chuoni Tabora mjini, na ukitaka kumwudhi mwambie falsafa ni maneno ya watu walioshiba. Utakaa hapo kutwa. Atakueleza Wagiriki wa kale walivyosema kwamba ushujaa umekaa katikati ya woga na ujuba, ukarimu katikati ya uchoyo na ufujaji, na kwamba adili hujengwa kwa mazoea, si kwa kusoma tu. Maneno hayo, atakwambia, wasomi wa Baghdadi waliyapokea, mapadri wa Ulaya wakapokezwa, mpaka yakatufikia sisi, kama mzigo wa msafara uliobadilisha mabega kutoka Ujiji hadi pwani. Anasema vizuri, sikatai. Lakini mwezi wa sita mwaka huu alipatikana.

Baba yake, mzee Masolwa wa Sikonge, ana mizinga sitini msituni na goti moja bovu. Kupanda miti hawezi tena. Alisema wazi kwamba mizinga ataachiwa mwenye mkono wa kurina asali. Julieth asipouonyesha, itakwenda kwa jirani yao Masanja. Na Julieth aliitaka, jamani. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kushika ndoo chini ya mti na kutazama juu, hakuwahi kuruhusiwa hata tawi la kwanza.

Jumamosi asubuhi akafika kwa bodaboda, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaingia msituni. Mzee akamkabidhi kienge, kile kifungu cha magome makavu kinachotoa moshi wa kuwatuliza nyuki, akakaa kwenye gogo bila kumwelekeza lolote.

Mzinga wa kwanza ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Julieth akapanda, akapuliza moshi wa kadiri, akakata nusu ya masega, nusu akawaachia wenyewe. Akashuka bila kuumwa hata mara moja, na mzee akaitikia kwa kichwa. Binti akavimba kichwa hapo hapo. Moyoni akasema kumbe Wagiriki wangekuwa warina asali wazuri.

Wa pili ulikuwa mwepesi. Mvua zilikuwa haba upande ule, maua yakapukutika mapema, na ndani mlikuwa na masega manne tu. Julieth hakuupima uzito kwa mkono, kama alivyomwona baba yake akifanya miaka yote. Akakata mawili, akashuka anatabasamu.

Mzee akayatazama kwenye ndoo, membamba, moja lina watoto wa nyuki.

"Umewaachia nini?"

"Nusu, Baba. Kama kule."

"Kule walikuwa na akiba. Hawa wana njaa, mwanangu. Nusu ya mwenye njaa ni wizi."

Lo! Julieth aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Maana Jumanne ya wiki ile ile alikuwa amemkata alama mwanafunzi wake Alois, kwa wino mwekundu, kwa kuandika kwamba kiasi cha Wagiriki, ile katikati yao, ni nusu ya kila kitu. Pembeni akamwandikia kwa mbwembwe kwamba kiasi humtazama mtu na hali yake, chakula cha mbeba mizigo si cha mtoto. Nyani haoni kundule.

Angeweza kujitetea, mdomo anao. Hakujitetea. Akapanda tena bila kutumwa, kienge kimebaki kijiti, akayarudisha masega mahali pake na kuyafunga kwa kamba za gome, huku nyuki wakimwadhibu shavuni, shingoni na juu ya jicho. Aliogopa, lakini hakushuka mpaka fundo la mwisho.

Chini, mzee alimtoa miiba kwa ukucha, taratibu, kama alivyokuwa akimtoa funza utotoni. Machozi yakamtoka Julieth. Alijua ameshindwa, akasema mizinga apewe tu Masanja.

"Masanja anarina vizuri kuliko wewe," mzee akasema. "Lakini kurudisha? Sijamwona akirudisha."

Akamwekea kisu chake cha kurinia mkononi. Ilikuwa bado mizinga hamsini na minane, akamwambia Jumamosi ijayo awahi.

Jumatatu Julieth aliingia darasani jicho moja limefumba. Alama za Alois hakuzibadilisha, kosa ni kosa. Ila alimwambia Jumamosi watakwenda wote Sikonge, avae mikono mirefu.