Fundi Aliyekataa Kusaini

Mwanzoni, katika hadithi ya mama, lilikuwa jengo la ghorofa sita. Kitinda alipofika darasa la nne, lilikuwa na tisa, na siku alipomleta mchumba wake nyumbani kumtambulisha, mama alishalifikisha kumi na mbili bila kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Huko juu kabisa, katika chumba cha mashine, baba mtu, fundi wa lifti, amesimama, na meneja yuko mbele yake anahema, fomu mkononi. "Saini hapa, wageni wako chini." Baba akaitazama breki ya lifti ilivyolika, akamtazama meneja, akaiweka kalamu chini. "Saini yangu si muhuri wa ofisi yako," akasema. Akashuka kwa ngazi ghorofa zote hizo, kazi hana, kifua mbele. Haikupita wiki, wakamfuata nyumbani kumbembeleza arudi, tena kwa cheo!

Hapo mama hunyamaza kidogo ili wasikilizaji wapate nafasi ya kusema "alaa!" Ukisahau kusema, anakungoja.

Na mzee mwenyewe? Mtafute jikoni. Hadithi ikifika kwenye kalamu tu, mzee anakumbuka kwamba maji ya kunywa yamekwisha, au miwani haionekani. Kitinda, mtoto wa mwisho, kipenzi cha baba, aliuona huo ndio unyenyekevu wenyewe. Mtu mkubwa hajisifu. Dada zake wawili walikuwa wakiangaliana tu, kisha wanaendelea kula.

Basi na yeye akasomea lifti, angesomea nini kingine? Akaomba kazi kampuni ileile. Siku ya usaili mkuu mmoja wa zamani alimtazama usoni, akacheka. "Wewe ni mtoto wa yule fundi? Ah, basi na wewe hatutasumbuana." Kitinda alitoka pale amevimba kichwa, akiamini heshima ya baba imemtangulia mlangoni.

Miaka minane hakuna aliyemwomba asaini uongo. Usicheke, lakini jambo hilo lilimkera. Alikagua lifti baada ya lifti, zote nzima, zote zimepakwa grisi vizuri, na yeye na ushujaa wake hana pa kuupeleka.

Ndipo ikaja Jumanne hiyo. Jengo la ofisi, ghorofa nane, lifti mpya kwa sura na kuukuu kwa matumbo. Kitinda alifungua breki akakuta bitana zake za kubania zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Meneja wake, kijana wa tai nyembamba, akapanda ngazi mpaka chumba cha mashine na kufika akihema, fomu na kalamu mkononi.

"Saini tu, kaka. Wanafungua kesho asubuhi. Vipuri tutabadilisha wiki ijayo."

Nywele zilimsimama Kitinda. Fomu hiyo! Kalamu hiyo! Hata kuhema, meneja alikuwa anahema inavyotakiwa. Akaiweka kalamu chini, nayo ikabingirika, ikadondoka kwenye shimo la lifti, wote wawili wakaisikiliza mpaka ilipotua.

"Saini yangu si muhuri wa ofisi yako!"

"Eti nini?"

Mashine ilikuwa inanguruma. Ikabidi arudie, na ya pili haikutoka vizuri kama ya kwanza.

"Sawa," meneja akasema. "Kesho usije."

Kibarua kikaota nyasi hivyohivyo, mchana kweupe. Nyumbani mke wake ana mimba ya miezi saba. Mtu mwenye akili zake angekwenda kwake, akae na mkewe wapange maisha. Kitinda alikwenda kwa wazazi wake kupongezwa.

Aliwakuta sebuleni, mama anachambua maharage, mzee anasikiliza redio. Akawasimulia yote akiwa amesimama, ila ile ya kalamu kudondoka aliiruka. Alipomaliza akangoja "alaa!" yake. Hakuna aliyeisema. Mama alikuwa ameshika punje moja ya maharage, anaigeuza na kuigeuza.

"Lakini umesaini?" mzee akauliza.

"Baba! Nimekataa. Kama wewe."

Mzee akazima redio. Alitazama jikoni, na safari hii hakwenda.

"Mwanangu, mimi nilisaini."

"Mzee!" mama akaruka.

"Niache, mama watoto. Nilisaini. Tena kalamu yao haikuandika vizuri, nikaomba nyingine. Kisha nikapanda ile lifti mimi wa kwanza, maana anayesaini ndiye anayepanda, nikafumba macho toka chini mpaka juu. Ghorofa sita."

"Ikaanguka?"

"Wala. Ilifanya kazi miaka kumi na minane. Bahati yangu. Na cheo walinipa kwa sababu nilikuwa mtu mwelewa. Kila walipokuwa na haraka, waliniita mimi."

Kitinda akakaa. *Basi na wewe hatutasumbuana.* Loo! Kumbe walimwajiri kwa kudhani ugonjwa ule ni wa kurithi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kisha hasira ikafuata, nayo haikujua imwendee nani, ikamwendea mama.

"Mama, kwa nini?"

"Ulikuwa unarudi shuleni unalia!" mama naye akaja juu. "Mwenzako baba yake rubani, mwenzako baba yake daktari, wako anarudi jioni ana grisi mpaka kwenye nyusi. Ukaniuliza baba yangu yeye amefanya nini. Ningekuambia nini? Nikakupa baba. Lakini ile ilikuwa hadithi ya mezani, mwanangu. Nani alikutuma uende nayo kazini?"

Kabla hajajibu, simu yake ikalia. Meneja. Akaiweka kwenye meza, sauti wakaisikia wote watatu.

"Kaka, tusikomoane. Fomu iko hapa, haijaguswa. Njoo kabla ya saa kumi usaini, na haya yote hayakutokea. Mkeo si yuko karibu kujifungua? Fikiria."

Mama alikuwa anampungia mikono yote miwili: kubali, kubali! Kitinda alimtazama baba yake, naye mzee akainamisha macho. Kule kwenye chumba cha mashine haikuwa yeye aliyekataa, hilo sasa aliliona wazi. Alikataa yule fundi wa ghorofa kumi na mbili, na yule fundi hayupo, hajawahi kuwapo. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kukataa kitu. Alimfikiria mkewe, akawafikiria watu wasiomjua ambao kesho asubuhi wangeingia kwenye kile kisanduku na mikoba yao na kubonyeza namba nane.

"Bosi," akasema taratibu. "Samahani sana. Sitaweza. Ile breki mbovu."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini sisaini."

Simu ikakatwa. Mama akajifunika uso na kanga yake, akaanza kulia kwa ajili ya mjukuu.

Mzee alikuwa ameinua macho tena, anamtazama mwanawe. Midomo ilikuwa ikimchezacheza, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni.

"Kumbe neno 'sisaini' linasemwa taratibu hivyo," akasema. "Mimi siku ile nilidhani mpaka mtu apige kelele, na mwenzio kelele sikuwa nazo."