Mahali Dawa Nyeupe Iliposongamana

Kwa wiki sita mume wangu alitapika chakula changu, na mama mkwe akautangazia ukoo mzima kwamba mapishi yangu yatamuua mwanawe. Akahamia kwetu na sufuria zake. Akapika yeye, mwanawe akatapika vilevile, na sitasema uongo, roho yangu ilisuuzika. Lakini suruali zilipoanza kumvuka akiwa amesimama, sote wawili tuliingiwa na hofu, tukampeleka hospitali.

Huko alinyweshwa lita nzima ya dawa nyeupe, ile inayoonekana kwenye picha za eksirei, akalazwa ndani ya mashine. Baadaye daktari wa picha akatuita mbele ya kompyuta. Akatuonyesha dawa ikishuka utumboni vizuri, halafu ikasongamana, ikapita kama uzi. Juu ya hapo utumbo umetanuka, chini yake umesinyaa. Chakula hakina pa kupita, alisema, hata apike nani. Nikamtazama mama mkwe. Yeye akatazama dari.

"Umewahi kuumia tumboni?" daktari akamuuliza mume wangu. "Kugongwa, kuanguka?"

"Hapana," akajibu upesi mno, akinitupia jicho.

Daktari akaeleza kwamba lingekuwa kovu la jeraha, wangekata kipande kidogo na kuunga. Ila kama hakuumia, itabidi waanze kutafuta saratani. Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mama mkwe akaanza kulia. "Alipigwa goti la tumbo," akasema. "Mpirani. Nilimkanda mwenyewe kwa maji ya moto, nikaapa sitamwambia mkewe."

Mume wangu ni kipa, na nilimpiga marufuku kucheza mpira alipotimiza miaka hamsini. Viatu vyake nilivichoma moto mbele yake, na maneno niliyoyasema siku hiyo majirani wanayo hadi leo. Lakini mtu akubali kutafutiwa saratani, ili mradi tu mimi nisijue kwamba alikaa golini? Hasira ilinipanda hadi kooni, na hapo ikageuka aibu. Niliona aibu kweli.

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri nianze. Nikavuta kiti, nikamshika mkono, mifupa mitupu.

"Mlifungwa ngapi?" nikamuuliza.

Akamtazama mama yake, kisha mimi.

"Hata moja," akasema. "Hata ule mpira niliopigiwa goti niliudaka."