Taa ya Kuchaji kwenye Mashine ya Silvanus

Watu wa Kwa Mathias, hapa Kibaha, wanapenda kumpangia mtu namna ya kufiwa, na mwenyekiti wao ni wifi yangu Tereza. Siku ya arobaini ya kaka yake, mbele ya masufuria, aliniuliza, "Atupele, hata chozi moja la kuwadanganya watu?" Nikamwambia pilau yake inaungua. Haikuwa inaungua wala nini, lakini alikwenda kuangalia, nikapumua.

Ukweli ni kwamba sikuwa nahisi kitu. Silvanus alipofariki, kifua changu kilikufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Nilisubiri ile michomo ya damu kurudi, haikuja. Nilipika, nilifua, nilipokea pole za watu na kuwashukuru. Nilikuwa nalala usingizi mzuri kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mume wangu alikuwa mpiga picha. Studio ilikuwa hapo hapo Kwa Mathias, nyuma ya maduka ya nguo, na chumba cha giza tulikijenga nyumbani, uani. Humo tuliosha picha za wanafunzi wa Tumbi, za wachumba, za watu waliotaka vitambulisho. Kazi tuligawana. Yeye alikuwa mtu wa mwanga: aliingiza negativu kwenye enlaja, ile mashine ndefu yenye taa kichwani, inayoikuza picha na kuiangushia kwenye karatasi. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Alinipa karatasi nyeupe tupu, naitia kwenye trei ya dawa, naitikisa taratibu, na mtu anakuja. Kwanza nywele, kisha macho, halafu mdomo. Mashine yake sikuruhusiwa kuigusa. "Kazi yako ni majini," alikuwa akiniambia, utadhani mimi kambale.

Kwa hiyo nimewaona wageni wasiohesabika wakitoka kwenye maji, lakini mume wangu sijawahi kumwona. Kinyozi hajinyoi. Ndipo nikapata wazo, tena lilikuwa moja tu: nikimwona Silvanus akinijia kwenye trei kama walivyokuja wale wengine, ganzi itaachia. Isipoachia, basi, nitazeeka hivi hivi, natembea sokoni huku ndani hakuna mtu.

Negativu yake ilikuwepo. Siku moja, enzi za filamu, tulikwenda Dutumi kupiga picha za harusi, akanipa kamera nimshikie afunge viatu, nami nikambonyezea. Alikuwa ndiyo kwanza ameinua uso, amenyoosha mkono, anasema, "Usibony..." Alinuna mpaka tunarudi Kibaha. Lakini filamu hakuitupa.

Binti yangu Jenifa alipoiona aliipiga picha kwa simu, akaipeleka kwa vijana wa stationery, na baada ya muda mfupi akaniletea baba yake kwenye fremu. Walikuwa wamemsafisha. Kovu la kwenye nyusi hakuna, mikunjo hakuna, mashavu yamelainishwa kama ya bwana harusi.

"Mama, si amependeza?"

"Amependeza. Ni nani?"

Jenifa alilia. Mimi nikaenda kuchambua mchicha.

Mashine ilikuwa haijatumika tangu tuhamie kwenye picha za kidijitali, na globu yake ilikuwa imekatika. Nilimpelekea globu hiyo Hemedi, muuza vifaa vya umeme, akaigeuzageuza, akasema, "Mama, hii hata wa vyuma chakavu hawaichukui." Nikaona nisihangaike naye. Nikaenda Kisarawe kwa Mwinjuma.

Mwinjuma ni rafiki wa Silvanus tangu ujana. Alikuwa na studio yake pale Kisarawe mjini, siku hizi analima mihogo na kupalilia mikorosho ya wazazi wake. Alinikaribisha kwenye mkeka, akaniuliza habari za watoto, akamtaja rafiki yake na kumwombea. Nikaitikia amina. Kisha nikamwambia nilichokijia. Hakuniona kichaa, au kama aliniona alikaa nalo mwenyewe. Aliingia ndani akatoka na pakiti ya karatasi za picha aliyoihifadhi ndani ya kopo la bati. Unyevu ulikuwa umezila karibu zote. Zilizobaki nzima zilikuwa mbili.

"Moja tutaikata vipande vya kujaribia," akasema. "Nyingine ndiyo Silvanus. Hazipatikani tena, shemeji, usijidanganye."

"Na globu?"

"Tia LED."

"LED kwenye enlaja?"

"Taa ni taa. Ila iwe na kichwa cheupe kama maziwa, isiwe ya kioo, vinginevyo mwanga utakaa katikati tu. Jikoni kwako unatumia nini?"

"LED. Kichwa cheupe."

"Basi hiyo hiyo."

Hakuuliza ni LED ya namna gani, na mimi sikusema. Kwa umeme wetu huu, nani ananunua taa isiyo ya kuchaji? Kila nyumba ina zile zenye betri ndani, umeme ukikatika zinaendelea kuwaka zenyewe, na watoto huzishika kitako zikawaka mkononi, wakatishiana. Ya jikoni kwangu ilikuwa hiyo. Tumezizoea mpaka tumesahau kwamba zina akili zake.

Mwinjuma alikuja Kibaha siku ya Alhamisi, jua limeshakuwa kali. Tuliziba matundu ya mlango kwa matambara, tukawasha taa nyekundu ya ukutani, nikachanganya dawa. Yeye akaikaza LED kwenye kichwa cha enlaja. Ilikaa vizuri. Akacheka kwa kuwa haikuwa inapata moto; ile ya zamani ilikuwa inaweza kukuunguza vidole. Mwanga ulikuwa bado umejaa katikati na pembeni hafifu, basi akakata kifuniko cheupe cha kopo la aiskrimu akakiweka chini ya taa, ukatawanyika. Kipande cha kwanza cha kujaribia kilitoka kimepauka, hakina nyeusi wala nyeupe.

"Karatasi hizi zilizoea taa ya njano," akasema. "Hii ina ubluu. Tuianze hesabu upya."

Tukaianza upya. Kipande cha tatu kilitoka na nyusi moja, na kovu lake juu, safi kabisa. Nilikitazama. Sikuhisi kitu, lakini nikajiambia nyusi siyo mtu. Hesabu tulikuwa nayo, na kila tulipozima swichi ukutani taa ilikuwa inazimika bila shida.

"Sasa niachie," nikamwambia.

"Peke yako? Wewe si mtu wa maji?"

"Niachie, shemeji."

Akatoka, akakaa nje ya mlango kwenye ndoo iliyopinduliwa, asije mtu akafungua. Namshukuru kwamba hakubishana, maana nilikuwa tayari kumkaripia.

Chumba kilikuwa joto, jasho linaniingia machoni. Nikachukua kifeni changu cha mezani nikakichomeka kwenye ekstensheni ile ile ya enlaja. Silvanus asingekubali, angesema feni inaleta vumbi. Hakuwepo. Nikaitoa ile karatasi moja, nikailaza pale chini ya mashine, nikaibana pembe. Nikawasha swichi. Feni ikaanza, taa ikawaka, na mume wangu akaanguka kwenye karatasi, mkubwa kuliko nilivyotarajia, nywele nyeupe na meno meusi, kama wanavyokuwa wote kwenye negativu. Nikahesabu. Ilipotimia nikazima.

Feni ikasimama. Taa ikabaki inawaka.

Nikabonyeza tena, nikawasha, nikazima. Feni ilinisikia, taa haikunisikia. Nikachomoa ekstensheni ukutani kabisa, nikawa nimeushika waya mkononi, haujaunganishwa na kitu chochote duniani, na Silvanus bado anawaka juu ya karatasi, mkono ameunyoosha. Mwinjuma alinieleza baadaye: taa hizi, ukizizima huku zimeunganishwa na kitu kingine kama feni, hudhani umeme umekatika, zinaanza kutumia betri. Mtu wa mwanga angeweka kiganja chini ya lenzi, yakaisha. Mimi nilisimama na waya.

"Zimika," nikasema. Kisha nikasema, "Silvanus, acha ujinga."

Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia alipokuwa hai, kwa sauti ile ile. Niliisikia sauti yangu na nikashtuka kuwa nina hasira. Nilimkasirikia kwamba aliondoka nikiwa nimetoka wodini kumchemshia uji, kwamba hakusubiri, kwamba alikuwa mtu wa kusubiri mwanga hata nusu siku lakini mimi na uji alishindwa kutusubiri. Nikamwambia yote hayo pale, na maneno mengine siyaandiki. Halafu nikaing'oa karatasi nikaitia kwenye dawa, kwa kuwa mikono yangu haijui kufanya kitu kingine na karatasi.

Karatasi iliyopigwa mwanga kupita kiasi haiji taratibu. Inakuja mbio. Alikuja mara moja, nywele, kovu, macho, mdomo wazi, "Usibony...", Silvanus mwenyewe, hajasafishwa na mtu. Najua kazi ya maji. Najua kwamba ukiona picha inakimbia hivyo unaichomoa papo hapo, unaitia kwenye dawa ya kukaza, ile inayoizuia isiendelee, na walau unabaki na uso wa kijivu. Kuna picha za watu nimeziokoa namna hiyo, na wenyewe hawakujua. Ilikuwa karatasi ya mwisho, na mimi nilikuwa nimeishika pembe.

Sikuichomoa. Nilikuwa namtazama. Aliingia weusi mashavuni, kisha kwenye paji la uso, macho yakabaki kidogo, yakaenda. Trei ikawa na karatasi nyeusi.

Hapo ndipo niliposikia mtu anatoa sauti mbaya, ya chini, kama ng'ombe anayezaa, na ilinichukua muda kujua ni mimi. Nililia. Nililia na mikono ikaendelea na kazi: nikaitoa kwenye dawa, nikaitia kwenye dawa ya kukaza, nikaivusha kwenye beseni la maji, nikaanza kuiosha pande zote mbili kwa viganja, kama picha yoyote ya mteja. Kifua kilikuwa kinauma. Kilikuwa kinauma kweli, na sikutaka kiache.

Mlango ulifunguliwa. Mwinjuma alisimama hapo na jua lote nyuma yake, akaitazama taa inayowaka bila waya, akanitazama mimi, akatazama beseni.

"Shemeji, imeharibika," akasema kwa upole. "Nyeusi hiyo. Unaosha nini?"

"Mume wangu."

Siku ya mazishi walinikalisha kwenye godoro sebuleni na kanga kichwani, nikasikia tu maji yakimwagika chumbani. Walikuwa ndugu zake, wanamwosha. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kumwosha.

Mwinjuma hakusema kwamba ni karatasi. Alivua viatu mlangoni, akakunja mikono ya shati, akachota maji safi kwa jagi kutoka kwenye ndoo. Akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akaanza kunimiminia.