Isipokuwa Zakaria

Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa parokia mjini Gitega, Burundi, Efrazia alifuta ubao kwa kitambaa kibichi, akaandika: Kila mbuzi wa Giheta ana pembe. Wanafunzi wake kumi na mmoja wa mantiki, warejeaji waliokulia Tanzania kama yeye pamoja na wafanyabiashara wachache kutoka Kivu Kusini, walinakili. Aliwaeleza kwamba dai la jumla halihitaji jeshi la kuliangusha. Mfano kinzani mmoja unatosha. Alikuwa hajamaliza mlango uliposukumwa, akaingia mbuzi jike asiye na pembe, amelowa mvua, akalala chini ya benchi la mbele.

Efrazia aliandika kando ya sentensi: Si kweli.

"Iyo mbuzi iko ya nani?" aliuliza Bénédicte, muuza vitenge, akisogeza mkoba wake.

"Ya Giheta," alijibu shemeji yake, Parfait. "Si njo imeandikwa pale, we hauone?"

Kisha Parfait akainua mkono, akataka kujua kama sentensi ile ingeweza kuokolewa. Alipendekeza iandikwe: Kila mbuzi wa Giheta, isipokuwa huyu, ana pembe. Wote waligeukia mlango wakangoja. Hakuingia mbuzi mwingine.

"Umeiokoa," alisema Efrazia. "Sasa jiulize imebaki na kazi gani."

Parfait aliandika daftarini sehemu ya kwanza tu.

Hali ilikuwa hivyo tangu darasa lilipoanza. Dai la jumla likitamkwa mbele ya Efrazia, kama lilikuwa la uongo, mfano wake kinzani ulifika kwa miguu. Kama lilikuwa la kweli, mlango ulitulia. Siku Bénédicte aliposema kwamba wanaume wote ni waongo, aliingia mzee mpole aliyewahi kuwa karani. Alieleza kwamba alifukuzwa kazi kwa sababu ya kukataa kudanganya, akakaa, akawa mwanafunzi wa kumi na mbili. Padri alilalamikia matope sakafuni, basi.

Efrazia alisomea falsafa ya uchambuzi katika chuo kikuu kimoja cha Tanzania, ile inayopima sentensi moja moja kabla ya kuthubutu kuuliza maana ya maisha. Baba yake, Simoni, hakuwahi kuona inatumika wapi.

"Daktari anatibu, fundi anajenga," alikuwa akimwambia. "Wewe mwanangu unazifanyia nini hizo sentensi?"

"Nazipima, baba."

"Zikishapimwa?"

Hapo Efrazia alirudi kwenye vitabu vyake. Lakini wito wa baraza la kusuluhisha migogoro ya mashamba huko Muyinga ulipofika, Simoni alinyoosha koti lake kwa pasi ya mkaa, akasema kwamba sasa watajua.

Shamba lilikuwa la baba yake, Zakaria, kwenye kilima kimoja cha Muyinga. Simoni aliondoka hapo mwaka wa sabini na mbili akiwa na umri wa miaka tisa, ameshikwa mkono na mama yake, siku chache baada ya baba yake kuchukuliwa shambani asionekane tena. Tangu arejee nchini alikuwa akilima kipande cha kuazima huko Nyarusange, na mwenye kipande alikuwa amekwisha kumwambia, kwa adabu zote, kwamba maharage yakivunwa atakitaka kwa ajili ya wanawe. Shamba la Muyinga likikosekana, Simoni hakuwa na mahali pengine pa kulima wala pa kuzikwa.

Baba na binti walipitia Karuzi, wakafika Muyinga asubuhi. Baraza la usuluhishi lilikaa katika jumba lenye madirisha ya vioo vilivyopasuka, na shauri likasikilizwa kwa Kirundi. Mwenyekiti, Audax, alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyemkatiza mtu. Aliwasikiliza Simoni na wale wanaolilima shamba hilo sasa, kisha akasoma matokeo ya uchunguzi wa baraza:

"Wote waliokuwa na mashamba kilimani hapa mwaka wa sabini na mbili waliyaacha kwa hiari yao."

Mlango ulifunguliwa. Akaingia mwanamume wa miaka thelathini na sita, jembe begani, udongo mwekundu umemganda hadi magotini. Aliwasalimu wazee, akaangaza macho kutafuta nafasi, akaiona kando ya Simoni.

"Niruhusu, mzee," alisema, akaketi.

Simoni alimtazama sikio la kushoto, lililochanika kama alivyolikumbuka.

"Mimi ni Simoni," alisema. "Mwanao."

Zakaria alizitazama mvi zake. "Umekuwa mkubwa," alisema. "Na mama yako?"

"Alifia Kigoma."

"Haya."

Karani wa baraza, Raissa, alimwomba kitambulisho. Zakaria alieleza kwamba hakuwa nacho. Aliitwa kutoka shambani apande lori akajibu swali moja, akaambiwa hatakawia, kwa hiyo hakupita nyumbani. Hata swali lenyewe hakuulizwa.

Efrazia alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, huyu ni mfano kinzani. Dai la baraza limeanguka."

Simoni alimgeukia binti yake, akamtazama kama mtu anavyoutazama mti alioupanda bila kuujua jina, sasa umezaa.

Audax alivua miwani, akaifuta. Alikiri kwamba sentensi ilikuwa na kasoro, akamshukuru mwalimu kwa umakini wake. Kisha akamwamuru karani asahihishe: Wote waliokuwa na mashamba kilimani hapa, isipokuwa Zakaria, waliyaacha kwa hiari yao.

Mlango ukafunguliwa tena. Aliingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Raissa aliuliza jina, akaliongeza. Waliingia ndugu wawili waliovaa sare za shule, kisha mhunzi, kisha katekista mwenye kiatu kimoja. Kila mmoja alitaja jina lake, akaongezwa baada ya neno isipokuwa, na sentensi ikasomwa upya, na mlango ukafunguliwa. Mabenchi yalijaa. Wanaolilima shamba waliwapisha wazee wakasimama ukutani. Saa saba Raissa aliomba karatasi zaidi. Saa kumi watu walikuwa wamejikinga mvua chini ya paa la nje, wakitaja majina yao kupitia vioo vilivyopasuka, na sentensi ilikuwa na kurasa sita.

Saa kumi na moja kasorobo mwenyekiti aliisoma yote, kuanzia mwanzo. Mlango ulitulia.

"Sasa ni kweli," alisema Audax.

Efrazia hakuweza kulipinga hilo. Alihesabu kwa macho watu waliokuwamo, akatafuta kilimani pale mtu aliyebaki ndani ya dai, hakumpata hata mmoja.

"Mheshimiwa," alisema, "imebaki na kazi gani?"

"Kazi ya kuamulia, mwalimu." Audax alieleza kwa upole kwamba baraza huamua kwa kufuata kanuni iliyothibitishwa, nayo imethibitishwa leo mbele ya mashahidi wengi kuliko siku yoyote. Mashamba yatabaki kwa wanaoyalima. Kuhusu waliotajwa baada ya isipokuwa, baraza halikupewa mamlaka. Rufaa inaruhusiwa, kwa maandishi. Akawashukuru wote kwa utulivu wao.

Waliotajwa waliinuka. Mhunzi na wale ndugu wawili walisaidia kurudisha mabenchi mahali pake. Zakaria alimwuliza mwanawe wanalima wapi siku hizi, akaambiwa Nyarusange, akaweka jembe begani.

Maharage yalivunwa, na mwenye kipande akakichukua. Simoni na baba yake walihamia chumba cha Efrazia mjini Gitega. Walikaa mlangoni wakimenya viazi, mkubwa akimwita mdogo baba. Rufaa ilipelekwa mwezi wa tatu. Ilipelekwa tena mwezi wa saba, ikiwa na nakala tatu na maelezo ya mfano kinzani kwa lugha nyepesi.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja Efrazia alifuta ubao, akaandika sentensi moja, akaisoma kwa sauti: Hakuna hata mmoja wa waliopelekewa rufaa yetu aliyeisoma.

Akaweka chaki chini, akageukia mlango. Darasa zima likageuka. Bénédicte alimfukuza yule mbuzi kwenye benchi la mbele, akalipangusa kwa kipande cha kitenge.

"Akuje apate pa kukaa," alisema.

Mvua ilinyesha. Mlango ulitulia. Baada ya robo saa Efrazia aliinua chaki, lakini Zakaria, aliyekuwa amekaa nyuma pamoja na mwanawe, alimwomba asiandike kwanza.

"Tumngoje," alisema. "Pengine anatoka mbali."

Walimngoja hadi saa kumi na mbili, padri alipokuja na funguo. Efrazia akaandika kando ya sentensi: Kweli. Wanafunzi wakanakili.