Mpaka Toleo Jipya Litoke

"Usinitajie mfumo, Rashidy. Mfumo ndio ulioniuzia hiki kitu?"

"Mama Raudha, punguza sauti, wateja wanasikia."

"Wasikie. Ndiyo maana nimesimama mlangoni."

Kigemu cha binti yangu kilikuwa juu ya kaunta yake, kimezimwa. Tulikuwa tumetoka Nachingwea na basi la kwanza, mimi na Raudha, tukafika Ruangwa na vumbi mpaka kwenye kope, ili tuwekewe gemu mpya kwenye kadi yake ndogo. Rashidy ndiye wakala pekee wa vigemu hivi vya mkononi kwa wilaya zote mbili. Alituangalia mara moja tu, akasema vya zamani havipati tena gemu. Tusubiri toleo jipya.

"Linakuja lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili. Likichelewa sana, wa kwanza."

"Leo tarehe ngapi?"

Kalenda ilikuwa nyuma ya kichwa chake: tarehe nane, mwezi wa kumi.

"Na siku nanunua ulisema nini? Gemu mpya kila mwezi mpaka toleo jipya litoke. Litoke, Rashidy. Hukusema mpaka litangazwe. Na karatasi yako hiyo hapo ukutani, hata aibu ya kuibandua huna."

Akageuka kuitazama karatasi yake kana kwamba imebandikwa na jirani.

Mimi si mtu wa kununulia watoto vitu vya kuchezea. Nina stashahada ya kilimo, nazunguka vijijini kufundisha watu kupulizia mikorosho, na kwangu mtoto akichoka kukaa anapewa ufagio. Lakini mwezi wa saba Raudha alidondoka kwenye mkorosho wa babu yake, akavunjika mkono wa kulia, karibu na kiganja. Plasta ilipotolewa, vidole vitatu viligoma kukunja: gumba, cha shahada na cha kati. Mtaalamu wa viungo alisema tuna kama miezi mitatu ya kuvizoeza. Vikikakamaa baada ya hapo, vimekakamaa. Alimpa mpira wa kubinya. Raudha aliubinya siku mbili, siku ya tatu akautupa juu ya paa.

Kigemu ndicho kilichofanya kazi. Saa nzima anabonyeza bila kubembelezwa na bila kulia. Ndani ya wiki nne gumba likaanza kutii. Kisha akazimaliza gemu zote nane, na zote zilikuwa za vitufe vya mbele tu, vya gumba. Vitufe vya nyuma, vinavyohitaji vidole viwili vilivyobaki, havikuwa na kazi hata moja. Kigemu kikahamia kabatini, na mazoezi yakahamia huko huko.

"Mwanangu ana vidole viwili bado havijakunja," nilimwambia Rashidy. "Mwezi wa kumi na mbili utakuja kuvikunja wewe?"

"Pole kwa mtoto, mama. Lakini kampuni ndiyo imesema. Wewe andikisha jina leo, toleo jipya likifika unakuwa wa kwanza. Minada ya korosho ndiyo hiyo inaanza. Pesa itakuwepo."

Akanisogezea daftari na kalamu. Nakiri, niliishika ile kalamu.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Huku kwetu watu hujibana mwaka mzima, halafu mnada ukipita mtu ananunua redio, godoro, pikipiki, na hata kitu asichojua kinawashwaje. Maswali huja mwezi wa tatu, mifuko ikiwa mitupu. Kila mwenye duka anaijua kalenda hiyo. Rashidy alikuwa anavikausha vigemu vya zamani mapema, ili korosho zikilipwa atukute wote tuna kiu. Na mimi, ninayewaambia wakulima kila mwaka wasinunue pampu kwa sababu tu pesa imeingia, nilikuwa nimeshika kalamu.

Nikaiweka chini. "Unatutengenezea njaa, Rashidy. Halafu unatuuzia chakula."

"Hata mimi kanikaushia tangu mwezi wa nane," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamume mpana, buti zimejaa udongo mwekundu. Kigemu kama cha Raudha kilikuwa mkononi mwake, kikionekana kidogo kama kiberiti.

"Anselmo, wa machimbo ya Namungo," akajitambulisha. "Tunangoja zamu ya kushuka shimoni hata kwa saa nne nzima. Wenzangu wanacheza bao. Mimi nacheza hiki."

"Mtu mzima na akili zako," Rashidy alisema, akitafuta wa kucheka naye.

"Mtu mzima uliyemuuzia. Siku ile mbona hukuniuliza umri?"

Raudha, aliyekuwa amenuna kwenye benchi, akainua kichwa. "Anko, una gemu gani?"

"Mpira. Mbio za malori. Na moja ya vita vya ndege, ngumu hiyo, acha. Wewe?"

"Mapishi. Samaki. Za kupanga rangi."

"Mapishi!" Anselmo akamgeukia Rashidy. "Hiyo si ndiyo nilikuomba ukasema imeisha? Gemu inaisha kama sukari?"

Rashidy akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

Kumbe alikuwa anagawa kwa kijiko, huyu hizi, yule zile, ili kila mtu arudi kwake. Na sisi wateja wake tunapishana mlangoni hapo, kila mmoja na kigemu mfukoni, hakuna aliyemwuliza mwenzake ana nini. Nilijisikia mjinga. Akina mama wa Mandawa ninawahimiza mimi mwenyewe wabadilishane mbegu za ufuta kabla ya kukimbilia dukani.

"Anselmo, nipe kadi yako yenye gemu."

"Usijaribu!" Rashidy akaacha kufuta. "Kila kadi ina kifaa chake. Ukichanganya kinakufa, na mimi sitengenezi."

"Umewahi kutengeneza?"

"Lakini kweli, kikifa?" Anselmo aliuliza.

Swali la haki. Kikifa, tunarudi kwenye mpira ulio juu ya paa, na miezi haitungoji. Nikamtazama Raudha, maana vidole ni vyake.

"Kwani sasa hivi kiko hai?" akasema.

Nikachomoa pini kwenye mtandio wangu, nikazitoa kadi zote mbili, nikapachika ya Anselmo kwenye chetu, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi.

"Nilikwambia," alisema Rashidy.

Kikawaka. Raudha alinipokonya kabla sijaona vizuri, akachagua malori. Mara lori likanguruma, likagonga ukuta.

"Breki iko wapi?"

"Nyuma," Anselmo alimwambia. "Kidole cha shahada. Na gia ni cha kati."

Raudha akauma mdomo. Kidole kilijivuta polepole, kikatetemeka, kikagusa kitufe. Lori likagonga tena.

"Mbona nimekibonyeza!"

"Hakijabonyea vizuri," Anselmo alisema. "Rudia."

Nilimkabidhi Anselmo kadi yetu na kumwandikia namba yangu ya simu kwenye ukurasa niliouchana katika daftari la Rashidy, pale pale jina langu lilipokuwa liandikwe. "Ukizimaliza nipigie, tubadilishane tena. Huko machimboni wapo wengine wenye vigemu?"

"Wanne."

"Waambie na wao."

"Mama Raudha, hiyo siyo biashara," Rashidy alisema.

"Siyo," nikamjibu. Nikamshika Raudha bega, maana macho yake yalikuwa kwenye kioo, si njiani, tukatoka.