Marufuku Kumchekesha Mama Mitumba

Mama Mitumba, muuza nguo ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla ya miguu, aliogopa kitu kimoja tu duniani: kucheka.

Akiinama kwenye marobota, kichwa kinauma. Akikohoa, ndiyo usiseme. Lakini akicheka, kisogo kilimgonga kama mwenye nyumba mwenye hasira. Picha za kichwa zilipotoka hospitalini, daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimwonyesha uvimbe nyuma ya ubongo.

"Hauelekei kuwa saratani, ila umejaa mishipa ya damu. Tutaiziba kwanza, ndipo tuutoe."

"Na cheko langu?"

"Kidonda kitauma kwa muda. Maumivu yale ya zamani, natarajia yaondoke. Tutajua siku utakayocheka."

Mumewe, fundi viatu, akatangaza sheria nyumbani: marufuku kumchekesha. Wa kwanza kufukuzwa alikuwa mdogo wake mwenyewe, dereva wa lori, aliyevunja watu mbavu kwa salamu tu.

"Hata simu usipige," akamwambia. "Ukikohoa tu, anacheka."

Upasuaji ukapita salama. Mama Mitumba akakaa wodini, kichwa kimefungwa bandeji, akingoja kucheka. Kila mgeni alikuja na uso wa msibani. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Baba watoto, niitie shemeji."

"Akikuumiza je?"

"Nyuso zenu zinaniumiza zaidi."

Shemeji akaja na koti jeusi lililombana kwapani. Akaketi, akatazama sakafu.

"Haya, nichekeshe."

"Shemeji, yameniishia."

"Wewe? Yaishe?"

"Njia nzima nimefanya mazoezi. Nimeiona hiyo bandeji, yote yamekimbia."

Mama Mitumba akamtazama kwa huruma, kisha akalitazama koti. Lile koti alilijua.

"Umelitoa kwenye robota langu?"

"Nimeliazima tu, nije kwa heshima."

"Hilo la kike!"

Shemeji akavikagua vifungo, akapapasa kiuno kilichobanwa, akainua macho polepole.

"Kumbe! Ndiyo maana mlinzi kaniambia, pita mama."

Cheko likamtoka kabla hajalizuia. Fundi viatu akaruka: "Muuguzi!" Mama Mitumba akaweka kiganja kisogoni, akafumba macho, akamngoja yule mgongaji.

Kimya.

"Panauma?" mumewe akanong'ona.

"Mshono unavuta. Lakini yule wa ndani..." Akasikiliza tena. "Kahama!"

Akacheka mara ya pili kwa makusudi, ya tatu kwa raha zake, mpaka kitanda kikalia na mgonjwa wa jirani akaanza kucheka bila kujua cha kuchekea. Fundi viatu alikuwa anafuta machozi kwa shuka la hospitali.

"Basi koti hili silivui tena," shemeji akajigamba, maneno yamemrudia.

"Livue! Lina mteja hilo!" Mama Mitumba akapaza sauti, na mlinzi akaisikia huko getini.